Orodha ya Walioazima

Mimi nina mdomo, na Biryogo nzima, mtaa wetu wa Kigali, inajua hivyo. Marehemu baba yangu, fundi cherehani, alikuwa akisema kwamba ningezaliwa mwanamume ningeishia kuwa wakili au mfungwa. Kwa hiyo nikikuambia kwamba siku ile ya Alhamisi nilimfokea mwenyekiti wa kamati ya taifa mbele ya watu wapatao arobaini, usidhani najisifu. Yapo maneno ambayo hadi leo yamenikaa kooni.

Jina langu Zaina. Tangu mwaka 1983 nilikuwa karani wa kuazimisha vitabu katika maktaba yetu ndogo ya Muhima, juu ya maduka, ukishuka kwenda Nyabugogo. Tulikuwa wafanyakazi saba. Julai 1994, vita vilipokwisha mjini, nilirudi na ufunguo wangu nikakuta mlango wenyewe haupo. Kati ya wale saba, wanne walikuwa wameuawa, wawili wamekimbilia Goma, na sababu ya kukimbia wanaijua wao. Nilibaki mimi. Rafu zilikuwa zimegeuzwa kuni. Paa lilikuwa na tundu la bomu, na chini ya tundu hilo vitabu vilikuwa vimevimba kwa mvua na kuota ukungu. Siku moja mjini nilifungua kipakiti cha karanga nikakuta nimeshika muhuri wetu, wa duara, umechapwa kwenye ukurasa wa historia ya mimea. Nilizitupa karanga, nikaukunja ukurasa, nikauweka mfukoni.

Kilichosalimika ni droo. Acha nieleze, maana kisa chote kimo humo. Kila kitabu chetu kilikuwa na kadi yake, imechomekwa kwenye mfuko mdogo wa karatasi ndani ya jalada la nyuma. Msomaji akiazima, anaandika jina lake na tarehe kwenye kadi kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu kinaondoka naye, kadi inabaki kwangu ndani ya droo. Akikirudisha, natoa kadi, naichomeka mfukoni mwake, kitabu kinapanda rafuni. Basi. Kwa miaka kumi na moja sikupoteza kadi hata moja, na msomaji aliyechelewesha kitabu hata siku mbili alinijua mimi ni nani. Wanafunzi wa chuo walikuwa wakisukumana mlangoni, "Tangulia wewe, leo yule dada amenuna."

Droo niliikuta chini ya dari iliyoanguka, bado imefungwa, ufunguo wake ukiwa shingoni mwangu. Ndani mlikuwa na kadi mia tatu na kumi na nane: vitabu vyote vilivyokuwa mikononi mwa watu tarehe sita Aprili, usiku mauaji yalipoanza. Nilikaa sakafuni nikazisoma zote. Hapa mtu ameandika kwa haraka, pale mwingine amechora herufi moja moja kama anayejifunza. Wengi nilijua walikouawa. Wengine sikujua, na sikutaka kujidanganya kwamba kutojua ni matumaini.

Mwezi wa Oktoba ikaundwa kamati. Jina lake lilikuwa refu kuliko orodha ya wajumbe wake: Kamati ya Dira ya Pamoja ya Maktaba za Taifa. Tulikutana Remera, katika chumba karibu na uwanja wa mpira ambacho madirisha yake hayakuwa na vioo. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kamanzi, aliyezaliwa na kusoma Uganda, mtu mrefu mwenye shati safi na imani isiyo na mipaka. Madamu Xavérine alikuwa ametoka Bujumbura na alijua maktaba kwa Kifaransa. Rwema, katibu, alikuwa mwalimu kutoka Tanzania ambaye Kinyarwanda chake kilikuwa kimemponyoka utotoni. Kamanzi hakujua Kifaransa, Xavérine hakujua Kiingereza, Rwema alipotea kila tulipoongea lugha ya nyumbani. Hivyo maktaba za taifa zikajadiliwa kwa Kiswahili, nami niliyelelewa nacho nikajikuta nasikiliza kila mtu akikivunja kwa namna ya kwao.

Sitaki kuwa mwongo. Dira yenyewe ilikuwa nzuri. Kamanzi aliisoma amesimama, na hata mimi moyo ulinidunda. Kila komyuni, yaani kila tarafa, iwe na chumba cha kusomea. Magari yapeleke makasha ya vitabu milimani kusiko na barabara nzuri. Vitabu vya watoto viandikwe kwa Kinyarwanda, na vionyeshe ng'ombe wetu na vilima vyetu, badala ya theluji. Asiulizwe mtu mlangoni baba yake ni nani wala ametoka upande gani. Hapo kwenye hilo la mwisho nilipiga meza kwa kiganja. Nilikuwa nimeota mambo hayo peke yangu miaka mingi, na sasa watu waliotoka nchi tatu walikuwa wameyaota vilevile kila mmoja alikokuwa. Nilirudi Biryogo nikamwambia mdogo wangu, "Safari hii naona kweli."

Kikao cha pili, Kamanzi akataka hesabu. "Dada Zaina, Muhima vitabu iko ngapi?"

"Vizima mia sita na arobaini."

"Na vingine?"

"Vingine vilioza, vilichomwa, vilifungiwa karanga. Na mia tatu na kumi na nane viliazimwa."

Uso wake ukang'aa. "Viliazimwa? Maana yake iko salama! Iko kwa watu, manyumbani!"

Nilimtazama nikadhani anatania. "Watu gani, Bwana Mwenyekiti?"

Xavérine aliangalia mikono yake. Kamanzi alikohoa, akasema kwa upole, na kweli alikuwa mpole, kwamba wako waliokufa, anajua, lakini wako waliopona, na hatuwezi kuanza taifa kwa kudhani wote wamekwisha. Akasema kamati iwe na orodha kamili ya walioazima, iwe Kiambatisho cha Tatu cha Dira. Majina ya wasomaji wa nchi hii, alisema, yawekwe ndani ya kitabu cha nchi hii.

Maneno hayo yalinigusa. Mtu gani tangu Julai alikuwa ameyataja majina yao kwa heshima? Nilichukua taipureta ya kamati, ile iliyokuwa inaruka herufi ya r, nikachapa siku tatu. Namba ya kitabu, jina, tarehe. Nilizijaza r zote kwa kalamu ili jina la mtu lisiende nusu. Nikamkabidhi Rwema kurasa tisa, nikaona nimewazika walau kwa karatasi.

Jumanne iliyofuata nilikuwa dukani kwa jirani, chini ya maktaba, nimepewa chai. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Aliyekuwa Kigali miezi ile hahitaji kuelezwa saa hiyo. Mji mzima ulikuwa unanyamaza. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya watu: fulani yuko hai, yuko kituo fulani, anamtafuta mama yake, watoto hawa wamepatikana, ndugu zao wafike mahali fulani. Watu waliacha masufuria motoni. Nimemwona mtu na akili zake amekumbatia redio kifuani.

Msomaji wa matangazo akasema: "Watu wafuatao wanatakiwa kufika maktaba ya Muhima siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi." Akaanza kusoma.

La kwanza nililijua. La pili nikaliona hata nilivyolichapa. Kufika la tano nilikuwa nimesimama, chai imenimwagikia miguuni na sikuhisi moto. Ilikuwa orodha yangu, kwa mpangilio wangu. Akasoma majina sitini. Mwisho kabisa, baada ya jina la sitini, akaongeza, "wakiwa na vitabu walivyoazima," kisha muziki.

Niambie, ni nani aliyeyasikia hayo maneno ya mwisho? Mtu aliyesikia jina la mwanawe likiwa la saba, alisikia nini tena baada ya hapo?

Nilikimbia hadi kituoni, nikapanda gari la kwanza la Remera. Kamanzi hakuwepo, alikuwa kwenye mikutano. Rwema alikuwepo, na alishangaa kuniona nimetoka jasho hivyo. "Dada, si ni hatua ya kwanza ya utekelezaji? Mwenyekiti aliandika barua, orodha ikaambatishwa. Kesho watasoma sitini wengine."

"Wasimamishe!"

"Mpaka mwenyekiti asaini."

Nikaenda redioni kwenyewe. Askari wa getini alinisikiliza kwa adabu kisha akaniambia nilete barua ya mwenyekiti wa kamati. Jumatano mchana, sitini wengine wakasomwa. Nilisikiliza nimesimama barabarani, maana sikuweza kuketi. Mlango wa pili kutoka pale nilipokuwa, mwanamke alipiga yowe, na lilikuwa la furaha. Siwezi kulisahau.

Alhamisi nilifika maktaba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikidhani nitawatangulia. Walikuwa wameshafika. Walikuwa wamejipanga kuanzia mlango usiokuwepo hadi chini ya ngazi, na hakuna aliyekuwa amebeba kitabu. Mmoja alikuwa na ndizi zilizochemshwa, zimefunikwa kwa jani. Mwingine amebeba viatu vya mwanamume, vimepakwa kiwi. Msichana mmoja alikuwa amevaa gauni la kanisani. Wa kwanza kabisa katika foleni alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, mguu umefungwa kitambaa. Alikuwa ameondoka Kimironko kwa miguu kukiwa bado giza, ili asipitwe na zamu.

"Mimi ni Nyirarukundo," aliniambia kwa Kinyarwanda, akinishika mikono yote miwili kama tunavyosalimiana. "Mama yake Manzi. Redio imesema yuko hapa. Nimemletea shati." Alifunua kanga yake kidogo nione. Shati la bluu, limefuliwa na kupigwa pasi, mikunjo yake bado mikali. "Alitoka na lile moja tu. Nikasema hata likiwa bado mwilini mwake, litakuwa limechakaa."

Nilimkumbuka Manzi. Kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa redio pale Remera, aliyekuwa akija kila wiki mbili na vidole vyake vina alama za risasi ya kuchomelea nyaya. Hakuchelewesha kitabu hata mara moja.

Nami ndiye huyu mwenye ulimi unaosifika Biryogo. Nilipaswa kumwambia pale pale. Nilimpa kiti badala yake, nikasema, "Mukecuru, bibi yangu, subiri kidogo, wakubwa wanakuja." Nina aibu ya kiti kile mpaka leo.

Saa tatu kamili ikafika pikapu. Kamanzi akashuka, nyuma yake Xavérine na Rwema, na ndani ya pikapu kulikuwa na makasha manne matupu ya kutilia vitabu. Kamanzi aliiona foleni kuanzia chini ya ngazi na uso wake ukafunguka. Alipanda akisalimia watu, akiwagusa mabega.

"Dada Zaina! Unaona? Mimi nilisema! Wananchi wanapenda vitabu!"

Kabla sijafungua mdomo alikwisha kuinama mbele ya Nyirarukundo, akamwambia kwa Kinyarwanda chake cha Uganda, "Karibu, mama. Kitabu kiko wapi?"

Yule mama alimtazama kwa tumaini lote aliloleta kutoka Kimironko. "Mwanangu yuko wapi?"

Kamanzi alidhani hasikii vizuri. Akapaza sauti kidogo, akatabasamu. "Kitabu, mukecuru. Kitabu cha maktaba."

"Manzi. Mmemwita hapa."

Hapo ndipo nilipopasuka. "Hawakuleta vitabu!" nilipiga kelele kwa Kinyarwanda hadi njiwa wakaruka kwenye tundu la paa. "Umeona hata mmoja na kitabu? Fungua macho, Kamanzi! Wamekuja kuchukua watu wao! Mmewasomea majina ya wafu wao saa sita na nusu, saa ya waliopatikana, na mama huyu amempigia mwanawe pasi shati!"

"Zaina, mimi sikujua kwamba..."

"Hukuuliza! Nilikuwa nimekaa mbele yako kwa vikao viwili, hukuniuliza! Aprili redio ilisoma majina katika mji huu, na waliosomwa walifuatwa hadi darini wakauawa. Tangu Julai inasoma majina, na waliosomwa wamepatikana. Na wewe unaita majina kwa sababu unataka vitabu? Vya kuonyesha wafadhili?"

Foleni yote ilikuwa imenielewa sasa. Nilikuwa nimewaambia wote kwa mkupuo, kwa hasira, jambo ambalo kila mmoja wao alistahili kuambiwa taratibu, ameketi. Hilo pia ni langu. Yule msichana wa gauni la kanisani aligeuka akatazama ukuta. Aliyebeba viatu akaviweka chini, kimoja kando ya kingine, sawasawa.

Kamanzi alikuwa amepauka. Alisema polepole, kwa Kiswahili, kana kwamba anajieleza kwangu mimi tu, "Kule kambi ya wakimbizi, Nakivale, majina yakisomwa ilikuwa chakula. Maharage na unga. Mama yangu alinifundisha nikisikia jina nikimbie. Miaka yote ya utoto, jina likisomwa ni jambo nzuri." Akaviangalia vile viatu. "Sikufikiri."

Nilimwamini, na kumwamini hakukunipunguzia hasira hata kidogo. Unaweza kuwa na moyo mweupe na bado ukamkanyaga mtu.

Wakati huo huo mwanamume mmoja alijitokeza kutoka nyuma ya foleni. Umri wa miaka arobaini hivi, koti la mvua, kofia mkononi. "Mimi nina kitabu," alisema.

Kamanzi alimgeukia kama mtu anayezama aliyerushiwa kamba. Alinyoosha mikono miwili. Lakini kitabu hupokelewa na karani, kwa hiyo nilikichukua mimi. Kilikuwa kimefungwa kwa mfuko wa plastiki. Kitabu cha Kifaransa cha kutengeneza redio, namba 1127. Jalada la mbele lilikuwa limejikunja, na upande wa chini kulikuwa na doa pana la rangi ya kahawia, limekauka. Nilifungua nyuma. Mfuko wa kadi mtupu, kama inavyotakiwa. Nikafungua droo, nikatafuta kadi, mikono ikifanya kazi yake ya miaka kumi na moja bila kunisubiri. Manzi. Jumanne, tarehe tano Aprili. Herufi ndogo zilizonyooka, za mtu aliyezoea kuandika juu ya waya.

"Kadi hii ina jina la Manzi," nilisema. "Wewe si Manzi."

"Mimi Nzeyimana, jirani yake. Nilimtunzia." Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa umerudishwa nusu, na jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. "Nimerudi kutoka kambi ya Goma mwezi uliopita. Nikasikia redioni ameitwa. Nikasema kama yupo, nimrudishie chake mapema, tuzungumze kwa amani. Yuko humo ndani?"

Ndipo nilipofahamu kwamba waliosikia jina la Manzi siku ile na kuamini yu hai walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amemletea shati. Wa pili alikuwa amekuja kwa hofu.

Nyirarukundo alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alikitazama kitabu mkononi mwangu, akanyoosha kidole kwenye jalada bila kuligusa.

"Hiki alitoka nacho," alisema. "Walipoanza kuchoma nyumba za chini, nilimwambia kimbia. Akarudi ndani. Nilimkaripia, nikamwambia unarudia nini. Akatoka na kitabu hiki amekitia tumboni, chini ya shati, akachomekea. Akasema, mama, hiki si changu, kikiungua nitamwambia nini yule dada wa Muhima."

Yule dada wa Muhima ndiye mimi. Ndiye mimi niliyewafanya wasukumane mlangoni kwa kuogopa uso wangu kwa siku mbili za kuchelewa.

Mama alimgeukia Nzeyimana. Kitabu kilikuwa chini ya shati la mwanawe, na sasa kilikuwa kimetoka kwa mtu huyu. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Akamuuliza swali lile lile alilokuja nalo, kwa sauti ile ile ya heshima.

"Mwanangu yuko wapi?"

Mwanamume alizungusha kofia yake. "Mimi sikumgusa."

"Sijakuuliza hilo."

"Nilisimama tu pale. Nilikuwa kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, na wenzangu, nilisimama tu. Walipomvua shati kikaanguka, nikakiokota, nikasema ni hasara."

"Nzeyimana. Yuko wapi?"

Foleni nzima ilikuwa inamsubiri pamoja na yule mama. "Kwenye mashimo ya matofali," alisema hatimaye. "Chini, bondeni, kabla ya kuvuka kijito. Lile la pili."

Mama alilikunja shati upya, kufuata mikunjo yake ile ile, akalirudisha ndani ya kanga. "Twende unionyeshe," alisema.

Rwema aliita askari wawili waliokuwa kwenye njia panda. Kamanzi aliyashusha makasha yake manne kwenye pikapu, akayatupa kando ya barabara, akampandisha mama kiti cha mbele. Nzeyimana alikaa nyuma, kati ya askari. Baadaye niliambiwa kwamba Kamanzi ndiye aliyechimba, kwa shati lake safi, mpaka alasiri, na kwamba Nyirarukundo alimtambua mwanawe kwa mkanda, akamfunika kwa lile shati la bluu.

Sisi tulibaki na foleni. Mimi na Xavérine tulileta viti, tukaketi na kila mmoja peke yake, nikamwonyesha kadi ya mtu wake, nikamwambia ukweli kwamba sijui zaidi ya hapo. Wengine walitaka kugusa mwandiko. Wengine waliondoka bila kuaga. Mwenye ndizi alituachia ndizi. Ilipotimu saa tisa hapakuwa na mtu, na hapakuwa na kitabu kingine zaidi ya kile kimoja.

Ungedhani mambo yangebadilika baada ya hapo, na kidogo yalibadilika. Redio haikusoma jina jingine letu. Kamanzi aliomba msamaha kikaoni, amesimama, na akafuta Kiambatisho cha Tatu. Lakini Desemba Dira ilipochapwa, jalada la kijani, karatasi nzuri ambayo sikuwa nimeiona mwaka mzima, nikaifungua ukurasa wa tisa. *Vitabu vilivyoazimwa: 318. Vilivyorejeshwa kufuatia kampeni: 1. Vilivyopotea: 317.*

Nilipanda gari hadi Remera na kitabu chao mkononi, nikakibwaga mezani mwa Kamanzi. "Kampeni?" nilimwuliza. "Wewe ulichimba kwa mikono yako, na unaiita kampeni? Kitabu kilichotolewa tumboni mwa Manzi umekiandika kama mafanikio?"

Alikuwa amekonda. Alifumba macho akayafumbua. "Wafadhili wanataka namba, dada Zaina. Nilipaswa kuandika kitu kwenye mstari ule."

"Ungeuacha mtupu."

"Mstari mtupu hawakubali."

Basi ndivyo Dira yetu ya pamoja ilivyo. Yote mengine yamo, na bado nayataka yote: vyumba vya kusomea, makasha ya milimani, vitabu vya watoto, mlango usiouliza baba yako ni nani. Nitayafanyia kazi mpaka nizeeke. Ila ukurasa wa tisa ni uongo, na kila nakala ninayoipata naipigia mstari kwa kalamu nyekundu, hata ile ya ofisini kwa mwenyekiti.

Na kuna jambo moja nililokataa. Katibu aliniandikia kwamba, kwa kuwa namba 1127 kimerejeshwa, kadi yake itolewe kwenye droo na kurudishwa mfukoni, hesabu zilingane. Kitabu nimekiweka rafuni. Doa sikulisugua. Kadi imebaki kwenye droo pamoja na zile mia tatu na kumi na saba, na ufunguo uko shingoni mwangu. Siku moja atakuja kijana anayejifunza ufundi wa redio, atakishusha, atafungua nyuma, atakuta mfuko mtupu, na itabidi aje mezani kwangu kuuliza kadi iko wapi. Sitamnunia. Nitamkalisha kwenye kile kiti, nimwambie kwamba kitabu hiki kiliazimwa tarehe tano Aprili, na aliyekiazima alikuwa njiani kukirudisha.